Filimbi Masikioni Mwangu na Mahali Nilipolala

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana Yesu, yeye aliyenirudishia usingizi. Neema yake iwe juu ya kila aliyekaa hapa leo, na juu ya wale waliosimama nje dirishani.

Naitwa Owor. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo, kwa sababu kila Jumapili mnaniona nimeinama pale pembeni nikiunganisha nyaya. Mimi ndiye fundi wa spika. Kazi yangu hapa mjini Busia ni kukodisha vyombo vya sauti kwa harusi, matanga, mikutano ya injili, na mtu anapofungua duka jipya. Kwetu ni Mulanda, lakini tangu nioe naishi Busia upande wa Uganda. Mke wangu Nabwire, yule pale amekaa na binti yetu Akoth, ni Msamia. Anauza mitumba soko la upande wa Kenya, na kila asubuhi anavuka mpaka kwa miguu na mzigo wake kichwani. Leo nimeombwa nishuhudie, nami nitasema mambo kama yalivyokuwa, maana jambo lenyewe ni geni kidogo na sijawahi kusikia mtu akilishuhudia.

Zamani, ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa kelele. Busia yetu mnaijua. Malori yamepanga foleni, injini zinanguruma, boda boda wanapiga honi, wabadili fedha wanaita, na kila duka limeweka spika mlangoni inayorudia maneno yale yale tangu asubuhi. Mgeni akija hapa anashika kichwa. Mimi nilikuwa naona raha. Nikipita mtaani nilisikiliza spika za watu kama daktari anavyosikiliza kifua. Hii inakwaruza, ile imefungwa vibaya, ile nyingine mwenyewe ameipandisha mpaka inalia. Niliweza kulala mchana nyuma ya pikapu, katikati ya masanduku ya spika, jenereta ikinguruma karibu na miguu yangu, nikaamka nimepumzika kabisa. Watu wakilalamika kwamba mji huu hauna mahali pa kupumzikia, niliwacheka. Nilikuwa nasema mtu akichoka kweli atalala popote.

Basi kukawa na harusi Nagongera, siku ya soko. Tulikuwa tumefunga spika kubwa kando ya hema, na watu walikuwa wengi. Nikasikia kwenye spika moja mvumo mdogo ambao sikuupenda. Nikataka kujua unatoka wapi. Nikainama, nikaweka sikio karibu kabisa na mdomo wa spika. Wakati huo huo mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaja kusimama nacho mbele ya spika hiyo, na ninyi mmeshasikia kinachotokea kipaza sauti kikitazamana na spika. Ilipiga yowe. Watu wote waliziba masikio. Mimi yangu yalikuwa pale pale kwenye mdomo wake.

Nilianguka, nikainuliwa, nikacheka ili watu waendelee na harusi. Kazi ikaisha, tukafunga vyombo, tukarudi Busia.

Nyumbani nikasikia filimbi. Nyembamba, ya juu, haikatiki, kama televisheni iliyoachwa imewaka bila picha.

"Mama Akoth," nikamwita mke wangu, "nani ameacha kitu kimewaka?"

"Kitu gani?"

"Hiki kinacholia."

Akanyamaza akasikiliza vizuri. "Hakuna kinacholia, Baba Akoth."

Mtu kama mimi akiambiwa hakuna, anatafuta. Nilichomoa redio. Nilichomoa chaja za simu, nikatoa balbu. Nikaenda kuweka sikio kwenye ukuta wa jirani. Nikamwomba jirani azime friji yake ya soda, naye kwa heshima akaizima, akasimama mlangoni ananitazama. Filimbi ikaendelea. Nikazima swichi kubwa ya nyumba zote za pale kwetu, watu wakaanza kuulizana umeme umekwenda wapi. Filimbi ikaendelea. Mwisho nikaziba masikio yangu kwa vidole, na ndugu zangu, ikawa kubwa zaidi. Ndipo nilipojua kwamba kitu kinacholia ni mimi.

Nilidhani itaisha ikishapita siku moja au mbili. Haikuisha. Nilikuja hapa mbele, nyinyi ni mashahidi, nikaombewa. Pasta aliniwekea mikono masikioni. Wazee wa kanisa walifunga pamoja nami. Nilirudi nyumbani nikiamini, na filimbi ikarudi nyumbani pamoja nami. Watu wakaanza kusema yao. Wapo walionong'ona kwamba kuna mwenzangu wa biashara amenifanyia kitu. Mwingine akasema ni mizimu ya Mulanda inaniita nyumbani. Sikwenda kwa mganga, Mungu alinizuia, lakini sitawadanganya kwamba sikuwa nimefikiria.

Nikaenda kliniki. Dada wa pale alichungulia masikio yangu kwa taa ndogo, akaniuliza kazi ninayofanya. Nilipomwambia akatikisa kichwa.

"Baba, masikio yako yameumizwa na sauti kubwa," akasema. "Ya siku ile ya harusi, na ya miaka yote kabla ya hapo. Mimi sina dawa ya kuiondoa hiyo filimbi. Atakayekuuzia dawa ya kuiondoa anakudanganya. Ukiwa kazini ziba masikio. Na utafute mahali patulivu upumzike, kwa sababu naona umeingiwa na hofu, na hofu inaikuza."

"Patulivu wapi, dada? Hapa Busia?"

Akatazama nje, lori lilikuwa linapita, dirisha linatetemeka. Akacheka kidogo. "Hata mimi huwa najiuliza," akasema.

Neno lile la mahali patulivu lilinishika. Nikasema sawa, nitapatafuta. Na mimi kwa akili yangu niliona patulivu ni mahali pasipo na sauti. Nikakodi chumba cha nyuma kwenye nyumba ya wageni, chumba ambacho hakina dirisha la barabarani. Nikajilaza mchana, mlango umefungwa. Hakukuwa na sauti yoyote, na filimbi ikajaa chumba kizima mpaka nikatoka nikikimbia. Nikaenda uwanja ule nyuma ya soko, Jumapili jioni watu wakiwa wameondoka. Vile vile. Nikaenda makaburini, nisameheni, nikakaa kwenye saruji ya mtu nisiyemjua. Vile vile, tena zaidi. Kila nilipokwenda mahali pa kimya zaidi, ndipo ilipopiga kelele zaidi, na sikuelewa kwa nini.

Hapo nikaanza kuharibika. Silali. Chakula hakina ladha. Mteja akinipigia simu naona kazi kupokea. Siku moja Akoth alikuwa anaimba wimbo wa shule akifua soksi zake, nikamfokea anyamaze, mtoto akanyamaza kabisa, na wiki ile hakuimba tena. Nabwire hakuniambia neno. Aliamka, akafunga mzigo wake, akavuka mpaka, akarudi, akapika. Niliona anapungua mwili, nikafikiri ni biashara.

Sasa kuna jirani yangu anaitwa Hamisi. Ni Mwislamu, na ukoo wao ni wasafirishaji hapa mjini tangu enzi za baba yake. Yeye anaendesha lori. Aliniona nimekaa kibarazani nimeshika kichwa, akaja akasimama.

"Owor, wewe iko mgonjwa namna gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawakufanya.

"Mimi kesho nakwenda Tororo kupakia simiti," akasema. "Twende. Wewe napanda ile mwamba. Pale juu hakuna lori, hakuna soko, hakuna mtu. Wageni natoka mbali kuja kupumzika pale."

Mwamba wa Tororo nimeuona tangu utotoni, ukiwa Mulanda au Nagongera unauona, umesimama peke yake. Sikuwahi kuupanda. Tulipofika, Hamisi akaniacha chini akaenda zake kiwandani kupanga foleni. Nikapanda. Kuna mahali pa kupita kwa miguu, na kuna mahali ambapo ni ngazi. Nilipumzika mara nyingi, kifua kinapiga, jasho linaingia machoni. Nilikuwa najiambia, Owor, ukifika juu utapona. Nilikuwa nimeweka tumaini langu lote juu ya lile jiwe.

Nikafika juu. Mji wote uko chini, mabati yanang'aa, barabara ya kwenda Malaba inaonekana na malori yake madogo madogo. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Hakuna sauti ya mtu, hakuna ndege. Na ndugu zangu, ile filimbi ilipiga kwa namna ambayo haijawahi kupiga tangu ianze. Ilikuwa kama kichwa changu chote ni kipaza sauti kinachotazamana na spika.

Nilikaa chini. Nililia kama mtoto. Nikasema, Bwana, kama hapa pia ipo, basi hakuna mahali. Nikawaza miaka iliyobaki ya maisha yangu, yote ikiwa na sauti hiyo, na nikaona ni mirefu mno. Mawazo mabaya yalinijia pale juu, sitayasema yote mbele ya watoto. Nilijua tu kwamba nikiendelea kukaa pale ukingoni sitarudi nyumbani. Nikajivuta nyuma kwa makalio, nikaegemeza mgongo kwenye jiwe, nikafumba macho, nikasema Yesu, Yesu, bila kuongeza neno lingine, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yameisha.

Ndipo upepo ukavuma.

Haukuwa upepo wa ajabu. Pale juu kuna majani marefu makavu yameota kwenye mipasuko ya jiwe, na upepo ulipopita yakasema shhhh. Na filimbi ikarudi nyuma. Haikuondoka, ilirudi nyuma, kama mtu aliyekuwa amesimama puani pako akapiga hatua mbili kwenda nyuma. Upepo ukakatika, ikasogea tena. Nikafumbua macho.

Hapo Mungu aliniokoa kwa njia ambayo mimi mwenyewe nisingeifikiria. Aliniokoa kwa kunitia hamu ya kujua. Nilikuja pale nimekata tamaa, na ghafla nikajikuta nauliza swali la kifundi. Kwa nini imerudi nyuma? Ni nini kilicho ndani ya sauti ya majani ambacho chumba kile cha nyumba ya wageni hakikuwa nacho? Nikasema ngoja nisubiri upepo urudi nione kama ni kweli. Ukarudi. Ni kweli. Nikasema ngoja nisubiri tena. Ndugu zangu, mtu anayesubiri upepo mwingine hawezi kujiua. Nilikaa pale nikipima, nikigeuza kichwa huku na huku, machozi yangali usoni, mpaka jua likaanza kuinama na nikakumbuka kwamba Hamisi ananisubiri.

Nilimkuta chini, lori limejaa simiti, ameshika kikombe cha chai.

"Umepumzika?" akaniuliza.

"Hapana. Lakini nimepata kitu." Nikamweleza habari ya majani.

"Hamisi," nikasema, "wewe unapumzikia wapi?"

Nilimwona anashangaa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Akawasha injini, tukaingia barabarani. Tulipokuwa tumekaribia nusu ya njia ya kurudi, barabara ikashuka bondeni, akapunguza mwendo akaegesha pembeni.

"Mimi napumzika hapa," akasema. "Kila safari. Gari napoa, mimi napoa."

Chini ya barabara pale kuna karavati, lile bomba kubwa la saruji linalopitisha maji. Kijito kinatoka kwenye bwawa lililo karibu, kinaingia ndani ya bomba, na upande wa pili kinaanguka kwenye mawe, si juu sana, kama kimo cha meza. Pembeni kuna majani mafupi. Hakuna cha kupendeza zaidi ya hapo. Juu yetu magari yanapita. Hamisi akachukua maji akatawadha, akaenda kando kuswali, nami nikakaa kwenye majani karibu na yale maji yanayoanguka.

Nikatafuta filimbi. Nakwambieni nilikuwa nimezoea kuitafuta, kama ulimi unavyotafuta jino bovu. Sikuipata mara moja. Ilikuwepo ndani ya maji, imejificha huko, ndogo kama sauti ya mbu aliye chumba cha pili. Maji yalikuwa na sauti zake zote, nene na nyembamba, na filimbi yangu ilikuwa moja tu kati ya nyingi. Nikasema nitajilaza kidogo nisikilize vizuri.

Nilipofumbua macho, kivuli kilikuwa kimehama. Hamisi alikuwa amekaa karibu nami na kofia yake mapajani.

"Nimelala?" nikauliza.

"Umekoroma," akasema. "Malori yote ilipita. Mwenye simiti alipiga simu. Nilisema gari iko na shida, na fundi bado nalala."

Tulicheka. Ndugu zangu, nilikuwa sijacheka tangu Nagongera. Nikapiga magoti kwenye yale majani mabichi, nikamshukuru Mungu pale pale, na rafiki yangu Mwislamu akangoja kwa heshima mpaka nikamaliza. Halafu akanipeleka nyumbani.

Mtu angedhani ushuhuda unaishia hapo. Mimi pia nilidhani. Lakini lile swali nililomwuliza Hamisi halikutaka kuniacha. Kila niliyekutana naye nikamwuliza, unapumzikia wapi? Nilikuwa kama mtu aliyepewa kazi mpya. Niliwauliza wabadili fedha, wapagazi, dada wa kliniki, wateja wangu. Na mji huu ambao niliudhania ni kelele tupu, kumbe umejaa mahali pa watu pa siri. Mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniambia hupumzika saluni, siyo kusukwa, ila kuoshwa nywele, yale maji ya uvuguvugu na vidole vya mtu mwingine kichwani. Mpagazi mmoja hulala karibu na kinu cha kusagia mahindi, anasema kinu kinampigia mvumo mmoja usio na maneno, hakuna anayemwita. Dada wa kliniki alisema yeye hukaa ndani ya stoo ya shuka safi, akifunga mlango, akinusa sabuni. Mwingine aliniambia ni mlimani Masaba kwa dada yake, mvua ikipiga mabati, basi. Niliyajaribu mengi. Mengine yalinifaa, mengine hayakunifaa. Saluni nilikataa kuingia.

Jioni moja nilikuwa namsimulia Nabwire haya yote, namna nilivyokuwa nimefurahi, huyu amesema hivi, yule amesema vile. Yeye alikuwa anakunja nguo za kesho. Akasema taratibu, bila kuinua uso:

"Baba Akoth, umeuliza mji mzima. Mimi hujaniuliza."

Nikasogea karibu naye. Kisha nikasema, "Mama Akoth, wewe unapumzikia wapi?"

Akaendelea kukunja blauzi moja mpaka ikaisha.

"Pale katikati," akasema. "Nikishatoka geti la Uganda, kabla sijafika geti la Kenya. Kile kipande."

"Pale? Penye malori?"

"Pale. Upande huu mimi ni Mama Akoth, kuna chai, kuna sare za shule, kuna wewe. Upande ule mimi ni mama wa mitumba, bei gani, punguza, hii imetoboka. Pale katikati hakuna anayeniita. Natembea polepole. Watu wananipita, nawaacha wapite." Akachukua nguo nyingine, akasema, "Na tangu ulipougua, pale ndipo ninapolilia. Nikifika geti la pili nimeshapangusa uso."

Ndugu zangu, mimi niliyesikia mvumo mdogo kwenye spika katikati ya harusi, nilikuwa sijasikia hilo. Nilichukua ile nguo iliyobaki nikaikunja, nikaikunja vibaya, naye akaikunja upya.

Asubuhi nikambebea mzigo. Tukatoka geti la Uganda, tukaingia kile kipande. Nikasubiri aniambie jambo. Alipunguza mwendo, nami nikapunguza. Malori yalikuwa yananguruma kando yetu, na filimbi yangu ikapotea ndani ya mngurumo ule, nikashangaa kwamba sauti ile ile niliyoikimbia ndiyo iliyonifunika. Katikati kabisa Nabwire akasimama. Nami nikasimama. Akanishika mkono wa shati, hapa kwenye kiwiko. Tukakaa hivyo, watu wanatupita na mikokoteni yao.

Askari mmoja akaja. "Kuna shida, mzee?"

"Hapana, afande. Tunapumzika."

Akatazama malori, akatazama vumbi, akatutazama sisi. "Hapa?"

"Hapa," Nabwire akasema.

Nikamwuliza, "Na wewe afande, unapumzikia wapi?" Ile tabia ilikuwa imenishika. Akafikiri kweli kweli, uso ukalegea. "Kwa kinyozi," akasema. "Akinifunika kile kitambaa." Kisha akatuambia tusogee pembeni, tusije tukagongwa.

Ndugu zangu, sasa nifike mwisho. Mtaniuliza, Owor, filimbi imeondoka? Haikuondoka. Ninavyosema nanyi ipo. Nimekuwa na hofu ya kusimama hapa kwa sababu hiyo, nikidhani mtasema huu ni ushuhuda gani. Lakini mimi najua nilichofunguliwa. Nilikuwa nimefungwa na hofu, nayo imeondoka. Nilikuwa nimeomba Mungu aniondolee sauti moja, naye akanionyesha nyingine nyingi, na akanirudishia watu wa nyumbani mwangu. Akoth anaimba tena, na akiimba nasogea karibu.

Kazi yangu bado naifanya. Naziba masikio kama dada wa kliniki alivyoniagiza, na nawaonya vijana wa spika wasisogeze vichwa vyao kule nilikosogeza changu. Hata hapa kanisani nimeshusha sauti kidogo, Pasta anisamehe, sikumwambia. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja wa nyuma aliniambia ni mara ya kwanza ameyasikia maneno yote ya mahubiri.

Namshukuru Mungu aliye hai. Nawashukuru ninyi mliofunga kwa ajili yangu na kuniombea, msidhani maombi yenu yalianguka chini. Namshukuru Hamisi, ambaye hayuko hapa kwa sababu leo yuko njiani. Namshukuru huyu mama.

Na wewe uliyekaa hapo na jambo ambalo uliombewa na halikuondoka, nakuomba usikimbie. Usidhani Mungu amekupita. Yawezekana kuna mahali amekuandalia na hujaulizwa tu. Njoo unitafute baada ya ibada, pale kwenye nyaya. Nitakuuliza unapumzikia wapi. Kama huna jibu, Jumamosi tutakwenda pamoja mpaka bondeni, utakaa kando ya maji, wala hutaombwa kusema lolote. Mwamini Yesu hata kabla jambo hilo halijaisha. Mimi nimemwamini likiwa bado linalia.

Jana nilijilaza mapema. Filimbi ilikuwepo. Niliisikia, nikageuka upande wa pili, nikalala mpaka Nabwire aliponiamsha kumekucha. Jina la Bwana litukuzwe.